Nyumba Moja Bado Inagonga Sufuria

Apiyo, pacha wangu,

Kitabu chako kimetoka. Kwa nje ni kizuri, nisikudanganye. Jalada lina ziwa, lina magugumaji yaliyofunika maji mpaka ufukweni, na lina mwezi ambao hukuuomba. Jina lako liko juu. Chini yake wameandika "pamoja na", halafu jina la Dakta Wasonga, na herufi za jina lake zimenona kuliko zako. Nilikisoma nimekaa kwenye kreti ya soda nyuma ya jiko letu hapa Kisian, palepale ulipokuwa unakaa wewe, na nilipofika mwisho nikakirusha. Kikaangukia kwenye karai la sukuma wiki. Nikakiopoa, nikakianika juani pamoja na vyombo, kisha nikausoma mwisho tena, maana nilidhani labda macho yangu yamenidanganya.

Hayakunidanganya. Wamemwamsha Akinyi. Kwenye ukurasa wa mwisho msichana wako anafungua macho kitandani, anasikia jogoo, anajua kwamba yote yalikuwa ndoto. Baba yake alikufa maji tu kwa bahati mbaya. Hakuna aliyetembea juu ya magugu. Mama yake anamletea chai na anacheka. Anacheka, Apiyo!

Wanasema hasira ni hasara. Sawa, lakini wakati huu nimeamua hasara iwe ya mtu mwingine, na nakuandikia ujue jinsi ilivyokwenda.

Huyu Dakta unamkumbuka, au huko ulipo mnasahau upesi? Ndiye aliyekufundisha uandishi, kisha akawa mhariri wako. Ndiye aliyekuwa anakuita kwenye ile nyumba yake ya Milimani yenye ukuta mrefu na mbwa wenye vitambi, mnakunywa chai kwenye veranda mkizozana. Siku moja ulirudi umevimba kama andazi. "Adongo, ati wafu wangu wakae kichwani mwa Akinyi! Ati wasitoke nje wakagusa vitu, kwa sababu wasomaji wa leo wamesoma!" Ulikula chapati zangu zote za wateja ukiwa na hasira, nami nikakuacha, kwa sababu ukikasirika ulikuwa unachekesha sana. Siku iliyofuata ulimpigia simu ukamwambia hapana. Mimi nilikuwepo. Ulisema hapana kwa Kiswahili, ukarudia kwa Kiingereza, na ulipokata simu ukamalizia kwa Dholuo.

Halafu ukaugua, na ule ugonjwa haukutupa muda wa kujipanga.

Siku tulipokuzika alikuja na gari lake jeupe. Alilia. Nililiamini lile chozi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisimama ukingoni mwa kaburi, akachota udongo mkononi, akasema mbele ya Mama na kanisa zima: "Min Rude, hii kazi ya Apiyo nitaimaliza vile yeye alitaka. Nakuahidi." Alimwita Mama jina lake la mama wa mapacha, siku ambayo pacha mmoja alikuwa ndani ya shimo. Mama akampa mkono. Huku kwetu neno linalosemwa udongo ukiwa mkononi hulirudishi mdomoni, na Dakta amezaliwa papa hapa, analijua hilo kama mimi. Kisha akaenda na kazi yako, kwa sababu nakala nyingine ilikuwa kwenye kompyuta yako, ile iliyokufa kabla yako.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo? Upepo ukitoka ziwani jioni na sauti ndani yake kama watu wanaobishana mbali, Mama alikuwa anapiga kelele, "Nyawawa! Nyawawa wanapita!" Tunatoka mbio, mimi na kifuniko, wewe na debe, tunagonga. Wafu wanapita, usiwaache wakaona nyumba yako imenyamaza wakadhani wamekaribishwa. Sisi tunagonga, jirani anapokea, na jirani yake anapokea, kelele inatembea mlima mzima mpaka inawarudisha majini. Mimi nilipenda kugonga kuliko kula. Wewe ulikuwa unaacha katikati, debe liko mkononi, shingo umeinamisha unasikiliza. Mama anakufinya. "Unaita nani ndani ya nyumba yangu?" Ulikuwa unalia, halafu unaniambia chini ya blanketi kwamba ulisikia mmoja wao akiuliza njia.

Nadhani kitabu chote kilitoka pale. Mtu aliyekufa anauliza njia, na kila nyumba inamfukuza kwa sufuria.

Nakumbuka pia siku ulipokuwa unanisomea sura za kwanza nikipika chakula cha harusi ya watu. Ulisema walio hai na wafu katika hadithi lazima wagusane kweli, na wakigusana kila upande upoteze kitu, la sivyo ni porojo za kumlaza mtoto. Mimi sikusoma mambo ya fasihi, mimi ni mpishi, kwa hivyo niliuliza maswali ya mpishi. Mfu akiingia ndani, ugali unakuwaje? Ulinitazama. "Unapoa," ukasema. "Hata kama umetoka motoni sasa hivi." Na sakafu? "Inalowa." Na yeye mwenyewe anapoteza nini? Hapo ulinyamaza mpaka wali wa bwana harusi ukashika moto chini. Ukasema kila mlango anaoingia, anasahau jina moja la mtu aliyempenda. Ndiyo maana hawezi kuzurura. Lazima afike anakokwenda kabla majina hayajaisha. Harusi ile walikula wali wa moshi na hakuna aliyelalamika.

Acha nisimulie hadithi yako yote, ujue sijapoteza hata punje. Baba yake Akinyi anauawa ziwani na mwenzake waliyekuwa wakivua naye katika mashua moja. Mwili haupatikani, na muuaji anarudi ufukweni akilia kuliko wafiwa. Kisha magugumaji yanakuja yanafunika ghuba nzima, na hapo ndipo ulipoweka mlango wako: waliozama walikuwa wakitembea kwenye tope huko chini, sasa wamepata sakafu ya kukanyaga juu. Baba anapanda. Kila jioni upepo ukivuma anatembea juu ya magugu kuelekea nyumbani, na kila jioni kijiji kinagonga sufuria na kumrudisha. Akinyi anaitambua sauti yake. Anaanza kwenda nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wa ziwa jambo ambalo hawajawahi kuombwa, wanyamaze. Baba hawatafuti nyinyi, anawaambia. Anatafuta mmoja tu.

Na mwisho wako, ule wenyewe, naujua kwa moyo kwa sababu ulinisomea mpaka nikakuomba ukome. Jioni ya mwisho upepo unakuja. Nyumba ya kwanza inanyamaza. Ya pili inanyamaza. Milango iko wazi, ugali unapoa mezani, nyayo za maji zinapita sakafuni na kutoka, na hakuna anayedhurika. Kijiji chote kimya. Nyumba moja tu bado inagonga. Watu wanatoka nje, wanageuza shingo kuitazama, na sasa wanajua. Baba anasimama mbele ya mlango ule. Havunji kitu. Anangoja, kwa sababu mikono ya aliye hai huchoka, na yeye hana haraka tena.

Ndio alioutoa Dakta akaweka jogoo na chai.

Nilimsomea Mama mwisho huo mpya. Alisikiliza mpaka kituo cha mwisho, akauliza, "Kwa hivyo yule baba hakuuawa?" Nikasema, kama ni ndoto, hakuuawa. "Na yule mtu wa mashua?" Nikamwambia amebaki mtu mwema. Mama alitazama mkono wake wa kulia, ule aliompa Dakta pale kaburini, akaenda kuunawa kwa sabuni.

Nilipanga mabaya, nakiri bila aibu. Nilifikiria kwenda Milimani na mwiko mkubwa. Nilifikiria chumvi. Nilifikiria kuita jina lako kando ya ule ukuta mpaka mbwa waugue. Mchungaji alisikia, kwa sababu Mama alimwambia, akaja kuniomba nisamehe. Nilimpa chai nikamwambia nitasamehe Jumatatu, maana uzinduzi wa kitabu ni Jumamosi.

Naam, kulikuwa na uzinduzi, katika ukumbi mmoja mjini karibu na maji. Na mpishi walimtaka nani? Mimi! Waliona itapendeza, ndugu wa marehemu apike, watu waseme ona familia ilivyofurahi. Nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Nilienda na Nyar Seme, yule msaidizi wangu anayeimba akimenya, na Mama tukamketisha mbele amevaa kitambaa chako cha bluu. Nilipika samaki, Apiyo, samaki ambao ungetoka huko uliko kuja kuwala. Sikutia chumvi ya ubaya. Hasira yangu ina heshima zake, haiingii kwenye chakula cha watu.

Dakta alisimama na kusoma. Sauti yake unaijua, inaweza kumtoa nyoka pangoni. Nilikuwa mlangoni na aproni yangu. Alipofika karibu na mwisho alifunga kitabu kwa kidole na kuanza kueleza. "Huu mwisho ulinipa shida sana. Apiyo, Mungu amrehemu, alikuwa ameingiza mambo ya ushirikina, Nyawawa, sijui nini. Nikasema hapana, sisi ni watu wa leo. Huyu msichana lazima aamke, arudi kwa ukweli." Watu wachache wakacheka kwa adabu. Akasoma jogoo. Akasoma chai.

Kisha emsii akasema familia ya marehemu iseme neno, dakika moja tu, chakula kinangoja. Walidhani nitashukuru. Mama aligeuka akanitazama mlangoni, akasema, "Dhi." Nenda.

Nilienda na harufu yangu ya vitunguu. Sikumtukana. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kila aina na yakanikimbia yote. Nikasema tu, mimi ni Adongo, aliyeandika hiki kitabu ni Apiyo, tulitoka tumbo moja, na mwisho mliosomewa si wake. Wake ni huu. Nikausimulia. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, ugali, maji sakafuni. Sijui kusoma mbele za watu, lakini nilikuwa nasikia sauti yako kwenye kreti ya soda, nikawa nakufuata nyuma. Nilipofika pale ambapo nyumba moja bado inagonga, nikasimama hapo. Nikasema huyu mtu aliahidi udongo ukiwa mkononi. Asanteni. Nikarudi mlangoni kwangu.

Emsii, maskini, alikuwa kijana wa kukodiwa asiyejua moto umeshika wapi. Akachukua maikrofoni akachangamka: "Wah, familia ina vipaji! Sasa jameni, tumpigie Dakta makofi, bila yeye hatungekuwa hapa leo!"

Apiyo, hakuna mkono uliosogea.

Sikuwaomba. Naapa sikuwaomba. Walikuwa watu wa Kisumu na watu wa pwani ya ziwa, kila mmoja wao amewahi kushika kifuniko jioni ya upepo, na wote walikaa wameweka mikono mapajani. Nyar Seme alikuwa anapanga sahani. Akaiweka ile aliyoshika taratibu ili isilie. Na Dakta, kwa ile tabia ya wageni waheshimiwa ya kuanzisha makofi ili wengine waitikie, alikuwa ameshaanza. Pa, pa, pa. Akatazama kushoto. Pa, pa. Akatazama kulia, tabasamu bado limebaki usoni limesahauliwa. Hakuweza kuacha, maana angeacha angekuwa amekubali kosa, na kila kofi alilopiga lilikiri vilevile. Watu wakaanza kugeuza shingo, mmoja mmoja, kama ulivyoandika. Nyuma kabisa mzee fulani akasema, wala si kwa sauti kubwa, "En mano." Ndiye huyo.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikashika mlango. Sikuhisi huruma hata ya kijiko cha chai, na kama ni dhambi Mungu ataniuliza mwenyewe. Kisha nikalia, kwa sababu ulipaswa kuwepo. Ungekuwa umeketi pembeni ya Mama unamfinya mguu uzuie kicheko. Wewe ndiwe uliyekuwa na haki ya kuona mikono ile ikipigana yenyewe kwa yenyewe, si mimi.

Chakula kilipotoka watu walikula vizuri. Sahani ya Dakta nilimwekea kichwa cha samaki, kama mgeni rasmi, lakini alikuwa ameshaenda kwenye gari lake. Kikapoa pale mezani na hakuna aliyekigusa.

Mwenye kampuni ya vitabu amepiga simu. Anasema wakichapa tena watarudisha mwisho wako. Wameupata kwenye faili ile uliyompelekea Dakta mwanzoni. Nikamwambia nataka na jina la yule litoke kwenye jalada. Akasema watafikiria. Wafikirie. Mimi sijaacha kazi kuwangoja. Kila ninapoitwa kupika sasa, harusi, matanga, maombi ya shule, nikishabandika sufuria nasimulia ule mwisho kwa wanaomenya viazi, nao wanaenda nao makwao. Juzi mwanamke mmoja kule Maseno alinisimulia mimi hadithi yako kama kwamba ni yake. Alikuwa ameongeza mbuzi. Nilimwacha na mbuzi wake.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita jioni upepo ulikuja kutoka ziwani, ule wa zamani, wenye sauti ndani. Jirani wakaanza kugonga. Mama akainuka kwa mazoea, akachukua kifuniko, akafika mlangoni. Akanitazama. Akakirudisha mahali pake, akafungua mlango wote, akaketi. Tulikaa hivyo, wanawake wawili na ugali wetu, nyumba yetu peke yake kimya mlima mzima. Ugali ulipoa upesi. Upepo ulikuwa mkali, sitaki kusema zaidi ya hapo. Lakini pale nyuma ya jiko, chini ya kreti yako, sakafu ya kibaraza ilikuwa na maji. Mama anasema ni paa. Mvua haikuwa imenyesha.

Na kesho yake Nyar Seme alikuja kazini amejishika mbavu kwa kicheko. Ana binamu anayefanya kazi ya nyumba kule Milimani. Huko juu huwa hawagongi, unajua, wana ukuta na wana mbwa, Nyawawa ni mambo yetu sisi wa huku chini. Binamu anasema upepo ulipoanza Dakta alitoka mlango wa nyuma na sufuria ya maziwa na kijiko cha mchuzi. "Huyo mtu aligonga, dada, aligonga mpaka mbwa ikaingia chini ya gari. Namwambia Daktari, uji ya mtoto nitapikia wapi? Hata hasikii!"

Yule aliyesema ni ndoto, Apiyo. Nimecheka siku tatu.

Sijamsamehe. Mchungaji huuliza kila Jumapili na mimi hujibu Jumatatu. Labda siku jina lake litakapotoka kwenye jalada nitaanza kufikiria, labda hapana. Nakuahidi tu haya: mwisho wako utasimuliwa mahali popote nitakapowasha jiko, na katika nyumba ya Mama hakuna kifuniko kitakachogongwa tena nikiwa hai. Ukilazimika kusahau jina moja ukiingia kwetu, sahau la yule mwalimu wa hesabu aliyekuacha, hakustahili kukumbukwa. Langu libebe.

Oriti, nyaminwa. Kwaheri, dada yangu. Ukishapumzika kwetu, fuata barabara ya Busia uingie mjini, kisha panda Milimani. Hutahitaji kumuuliza mtu njia, utaisikia mwenyewe. Usivunje kitu. Simama tu mlangoni, mwache agonge.

Pacha wako anayekungoja mlango ukiwa wazi,
Adongo